V-Max ya zamani: nimelipia kabureta nne, haikufunguliwa hata moja

Karakana hii naanza kuipa nyota mbili, na huenda zikabadilika kabla sijamaliza kuandika.

Yamaha V-Max ya kizazi cha kwanza, ile yenye kabureta nne (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa, kimoja kwa kila silinda), ilipelekwa karakana na tatizo moja tu. Asubuhi haiwaki upesi, na ikishawaka sailensi (mzunguko wa injini bila kuvuta gesi) inayumba, injini inakohoa, na ukivuta gesi taratibu inamisi. Kwa injini iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa, dalili hizo karibu kila mara ni jeti ndogo, kidude chenye tundu linalopitisha petroli ya sailensi. Petroli hukauka ndani, ikaacha utando kama gundi, na tundu la jeti ndogo ni jembamba kiasi kwamba utando huo unatosha kuliziba. Risiti ikaandikwa: "Kusafisha kabureta 4, kubalansi" (yaani kuzisawazisha zivute sawa).

Uongo mtupu. Kwenye pikipiki hii kila skrubu ya mchanganyiko, ile ya kurekebisha petroli na hewa ya sailensi, imezibwa na kifuniko kidogo cha shaba kilichogongewa ndani kiwandani. Huwezi kusafisha njia ya sailensi bila kutoboa kifuniko hicho kwa drili na kukivuta nje. Halafu unaikaza skrubu taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse chini, unaandika hesabu hiyo, ndipo unaitoa pamoja na springi, washa na kioringi chake, ambacho mara nyingi hubaki kimenata ndani ya tundu. Vifuniko vyote vinne vipo mahali pake, havina hata mkwaruzo. Vichwa vya skrubu za mabakuli ya chini bado vimejaa vumbi lililogandamana na oili. Bisibisi ingepita pale, vumbi lile lingekuwepo?

Walichofanya kinaonekana wazi: wamepuliza dawa ya kabureta kwa juu, wakapandisha sailensi hadi karibu mizunguko 1,500 kwa dakika badala ya 1,000, wakapiga resi. Resi ya juu haipimi jeti ndogo hata kidogo! Huko juu inayolisha injini ni jeti kubwa. Tena V-Max ina V-Boost: kuanzia kama mizunguko 6,000 kwa dakika, vilango vilivyo kati ya njia za hewa huanza kufunguka, na ikikaribia 8,000 kila silinda inanyonya kutoka kabureta mbili. Silinda yenye kabureta chafu inabebwa na jirani yake. Fundi anasikia mngurumo mtamu, anafunga kazi.

Kipimo cha kweli hakihitaji hata spana. Washa injini ikiwa baridi kabisa, iache kwenye sailensi dakika moja, kisha dondoshea maji kidogo kila bomba la ekzosi karibu na injini. Mabomba matatu yalikausha maji papo hapo kwa mlio. La nne, maji yalitiririka tu mpaka chini, na bomba unalishika kwa mkono mtupu. Kama plagi ile inatoa moto mzuri, na hii inatoa, basi silinda hiyo haipati petroli kwenye sailensi.

Walipoonyeshwa hayo, jibu la msimamizi lilikuwa: "Kaka, pikipiki kongwe ndivyo zilivyo, zizoee." Ndivyo zilivyo? Injini hii kabureta zake zikiwa safi inakaa kwenye 1,000 imetulia kabisa. Kinachozeeka ni petroli iliyolala ndani.

Na hiyo balansi waliyoandika? Kubalansi kabureta yenye jeti iliyoziba ni kuficha ugonjwa. Kwanza klirensi za valvu, halafu kusafisha, balansi mwisho. Na kabla ya kupuliza dawa, zile slaidi (vipande vinavyopanda na kushuka ndani ya kabureta) zenye diaframu ya mpira zitolewe, maana dawa huuvimbisha mpira. Jeti isichokolewe kwa waya wa chuma, itapanuka tundu na mchanganyiko hautakaa sawa tena.

Haki yao niwape. Kijana mmoja pale aliona soketi ya nyaya tatu nyeupe zinazotoka kwenye jenereta imeanza kuungua. Ni ugonjwa unaojulikana wa V-Max: kutu huleta ukinzani, ukinzani huleta joto, plastiki inayeyuka. Aliikata, akaunganisha nyaya kwa risasi na kuzivisha mpira wa joto, waya kwa waya. Betri sasa inasoma zaidi ya volti 14 injini ikiwa kwenye resi ya kati. Kazi safi kabisa, na hakuna aliyemtuma. Kwa hiyo nikasema ziwe nyota tatu.

Lakini nikikumbuka stata, hasira inarudi. Injini isiyowaka upesi husagwa na stata muda mrefu kila asubuhi, betri inachoka, na klachi ya stata ya V-Max, inayoshikanisha stata na injini wakati wa kuwasha, haipendi betri iliyochoka: roli zake zinateleza, unasikia mkwaruzo kama wa chuma juu ya chuma. Kuifikia ni kumwaga oili, kufungua kava la kushoto na kuvuta rota, ile sumaku ya jenereta inayozunguka. Mkwaruzo huo umeshaanza kusikika. Jeti ambazo zingetoka na kusafishwa kwa nusu siku sasa zinakula kitu kilicho nyuma ya rota.

Nyota moja, na ni ya yule kijana wa nyaya.