Miezi minne na krimu ya asidi ya azelaiki: uzoefu wangu Kampala

Nilianza kutumia krimu hii, yenye asidi ya azelaiki ya asilimia 20, baada ya daktari wa ngozi hapa Kampala kunikagua mashavu na kuniambia jambo ambalo muuza vipodozi yeyote hakuwahi kuniambia: "Dada, tutibu chunusi kwanza, maana ndizo zinazozaa haya madoa." Alinieleza kwamba ngozi nyeusi ikiathiriwa na chunusi, ukurutu au hata mkwaruzo, huzalisha melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, kupita kiasi, na doa likabaki kwa miezi mingi baada ya kipele chenyewe kupona.

Kabla ya hapo, kwa karibu mwaka mzima, nilikuwa nikipaka krimu isiyoandikwa viambato, niliyouziwa dukani. Mwanzoni uso uling'aa na watu wakanisifu. Nilipoiacha, vipele vidogo vilijaa kuzunguka mdomo, na ngozi ilikuwa imekonda hata vimishipa vikaonekana mashavuni. Daktari alishuku kwamba ndani yake mlikuwa na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, mfano wa klobetasoli, ambayo ni dawa ya kuandikiwa na kutumiwa kwa muda mfupi, wala si ya kujipaka usoni kila siku. Inaniuma kwamba wasichana wengi wanauziwa vitu hivyo bila onyo lolote.

Krimu hii ya azelaiki napaka kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na usiku. Wiki mbili za kwanza iliwasha kama mkono uliokata pilipili, kisha ikatulia. Chunusi zilipungua mapema, lakini madoa hayakuanza kufifia mpaka wiki ya kumi hivi. Doa la kidevuni, lililokuwa jeusi kama buni iliyokaangwa, sasa nalitafuta kwa kioo karibu na dirisha.

Kilichonisumbua zaidi ni mafuta ya kukinga jua. Ya kwanza yaliniacha na weupe wa majivu, nikashauriwa kununua yenye rangi, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa kwenye ngozi kama yetu. Rangi zilizopo madukani ni chache mno, na mpaka leo nachanganya mbili kiganjani ili nipate yangu.

Mdogo wangu ni mjamzito, na daktari amemruhusu kutumia krimu hii ya azelaiki. Tyubu ya pili nimeshainunua.