Sefu ya bunduki nyumbani Marekani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Nunua pa kuihifadhi kabla hujanunua bunduki yenyewe. Wengi wetu tuliohamia Marekani tunafanya kinyume. Mtu anachagua bastola wiki tatu, analipa, na siku ya kwenda kuichukua ndipo anakumbuka kwamba nyumbani kuna watoto wanne na mpwa anayelala sebuleni. Basi inaishia juu ya kabati, imefunikwa kanga. Mtoto wa miaka mitano akishasogeza kiti, juu ya kabati ni kwake.

Kwa mwenye bastola moja, naweka nafasi ya kwanza kasha dogo la chuma lenye kufuli la vitufe lisilotumia umeme. Vitufe huwa vitano: unabonyeza kwa mpangilio wako, unazungusha kitasa, mlango unafunguka. Halina betri ya kuisha, na hata gizani unalifungua kwa kupapasa. Vitufe hivyo vitano vinatoa mipangilio zaidi ya 1,000, kwa hiyo mtoto habahatishi kirahisi. Angalia unene wa chuma, ambao Marekani hupimwa kwa geji, na geji inakwenda kinyumenyume: namba ikipungua, chuma kinanenepa. Geji 14 ni kama milimita 2, geji 10 ni kama milimita 3.4. Mimi sinunui chembamba kuliko geji 12. Bei yake itakuuma kidogo ukilinganisha na makasha ya rafu ya chini. Lipa tu.

Kasha langu la kwanza lilikuwa la rafu ya chini, lenye tarakimu za kubonyeza na betri nne. Siku moja liliniponyoka mkononi likaangukia zulia, na kifuniko kikafunguka chenyewe. Makasha mengi ya bei nafuu hufungwa na pini ndogo inayosukumwa na springi, na mshtuko ukiwa mkali pini inaruka. Kwa hiyo ukilileta nyumbani, lijaribu likiwa tupu: lifunge, lipige kiganja upande, liangushe kutoka kimo cha goti juu ya godoro. Likifunguka, lirudishe dukani siku hiyohiyo.

Hata kasha zuri lisipofungiwa mahali ni mzigo tu wa kubebwa. Mwizi hana haja ya kulivunja kwako, ataondoka nalo. Nyumba nyingi za Marekani kuta zake ni jasi juu ya nguzo za mbao zilizoachana inchi 16, kati hadi kati, na skrubu isiyoingia kwenye mbao haishiki kitu. Ukiwa mpangaji, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya matundu mawili ndani ya kabati la nguo. Akikataa, funga kasha kwa waya wa chuma kwenye fremu ya kitanda. Ni dhaifu zaidi, lakini ni afadhali kuliko kuliacha kwenye droo.

Nafasi ya pili ni sefu ndefu, na kwa mwenye bunduki za kuwindia hii ndiyo ya kwanza. Tafuta alama ya UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa bidhaa, yenye herufi RSC, yaani sefu ya nyumbani. Daraja la kwanza la alama hiyo maana yake sefu imestahimili dakika 5 za mtu mmoja anayeishambulia kwa zana za mkono kama nyundo, bisibisi na mtaimbo. Dakika 5 si nyingi, na ndiyo maana bolti za sakafuni zina kazi hata kwa sefu nzito. Maneno ya muuzaji kuhusu idadi yapunguze: iliyoandikwa bunduki 24, zenye darubini zitaingia kama nusu. Weka ndani vifuko vya kufyonza unyevu, la sivyo utakuta kutu. Na pima ngazi na milango kabla ya kulipa.

Kufuli la waya naliweka nafasi ya tatu, ingawa ndilo ningependa kila nyumba iwe nalo kesho. Waya unapita ndani ya bunduki isiyo na risasi, isiweze kufunga chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Mpango wa Project ChildSafe unayagawa bure kupitia vituo vingi vya polisi, na kwa sheria ya shirikisho ya 2005, duka lenye leseni likikuuzia bastola lazima likupe kifaa cha kuihifadhi au kuifunga. Kufuli hilo halimzuii mwizi. Kufuli la kifyatulio liko chini yake, maana wapo wanaolifunga bunduki ikiwa na risasi, na kulisukasuka kunaweza kuifyatua.

Chini kabisa naweka makasha nafuu ya alama za vidole. Oktoba 2023 kampuni ya Fortress ilitangaza kuyarejesha makasha kama 61,000 ya aina hiyo yaliyokwisha kuuzwa, baada ya kuripotiwa kifo cha mvulana wa miaka 12. Mnunuzi aliweza kuamini amekwisha kuandikisha kidole chake, kumbe kasha bado linamfungulia yeyote. Kama tayari unalo la alama za vidole, la kampuni yoyote, lijaribu likiwa tupu: mwite jirani aweke kidole chake, si chako.

Fikiria pia kijana wako wa miaka 15, siyo mdogo peke yake. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua, na saa ile mbaya hupita kama mtu hakupata silaha mkononi. Huyu hazuiliwi na siri ya mahali, kwa sababu anaijua nyumba kuliko wewe. Usitumie mwaka wake wa kuzaliwa kama namba ya siri, wala usiache ile ya kiwandani. Risasi zikae kasha jingine. Na ule ufunguo wa dharura unaokuja na sefu, usiuweke kwenye bakuli la funguo za gari pale mlangoni. Mpe ndugu unayemwamini anayeishi nyumba nyingine.