Gereji ya Unga Limited iliyomaliza stelingi kutetemeka nikifunga breki

Wadau, kama gari yako ukifunga breki kwa nguvu ukiwa spidi stelingi inacheza mpaka viwiko vinatetemeka, usikimbilie dukani kununua diski za breki, tafuta kwanza mtu wa kuzipima. Mi nimempata mtaa wa Unga Limited hapa Arusha na nampa nyota nne, ya tano nimeinyima makusudi na ntasema kwa nini.

Gari ni Spacio new model. Mjini ukiwa 40 husikii kitu chochote, ila toka Moshi unakuja huku, ule mteremko wa Kikafu, lori liko mbele linajikokota ikabidi ukanyage, hapo ndo shughuli inaanza. Na tatizo lilikuwa limeshatengenezwa! Gereji moja jina nalihifadhi walinifungia diski mpya za mbele na pedi mpya, gari ikatulia kabisa, miezi ikapita likarudi lile lile. Kuwarudia wakasema sasa ni bolijointi na arm zote mbili (vile vyuma vinavyoshikilia gurudumu), lete hela, na hawajaweka hata jeki.

Huyu mzee wa Unga Limited kwanza alinyoosha mkono akaomba ufunguo. Tukaenda bypass. Akaipeleka mpaka 90 bila kugusa breki, imetulia, akasema haya balansi ya matairi tuachane nayo. Akakanyaga, stelingi ikacheza. Afu sehemu iliyokuwa nyeupe haina gari akavuta hendibreki taratibu huku kidole kinabana kitufe isije ikajifunga (msijaribu hii barabarani penye watu), gari ikapungua vizuri tu bila kutetemeka. "Nyuma kuko sawa mwanangu, ugonjwa uko mbele." Kwa kawaida ndo hivyo, mtikisiko wa mbele unaupata kwenye stelingi, wa nyuma unaupata zaidi kwenye siti na pedeli.

Tumerudi wakainua, vijana wakatingisha matairi juu chini na kushoto kulia, bolijointi nzima, tairodi nzima. Zile arm nilizoambiwa lete hela hazina shida yoyote. Wakafungua kalipa ya kushoto, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, pini moja inateleza, ya pili imeganda, kavu, kutu tupu, mpaka iligongwa na nyundo ndo ikatoka. Pedi ya ndani imeliwa karibu iishe na ya nje bado nene, kumbe kalipa ilikuwa haitelezi kwaiyo upande mmoja tu ndo unafanya kazi na diski inapikwa.

Sasa kilichonifurahisha. Akabana diski kwa nati zake akaweka saa ya kupimia, ile yenye mshale na mguu wa sumaku, akaizungusha diski kwa mkono polepole. Mshale unaenda na kurudi. Akasema Toyota ndogo nyingi zinaruhusu milimita 0.05 tu, yani nusu ya unene wa karatasi ya daftari, na hii yangu imepita. Akaitoa diski akanionyesha habu (kile kitovu cha gurudumu), pale diski inapolalia kuna kutu imejenga magamba, limoja unalisikia kabisa ukipitisha ukucha. Akapiga brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa, akarudisha diski ile ile, akapima tena, mshale ukawa hautoki hata robo ya mwanzo.

Yani wale wa mwanzo walipachika diski mpya juu ya kutu. Ikakaa kaupande, kila ikizunguka inagusa pedi sehemu moja, mdogo mdogo ile sehemu inaliwa na diski inakuwa na unene usiolingana, ndo maana shida haikuja siku ile ile, ilikuja baada ya miezi. Mnavyosikia diski imepinda kwa sababu ya maji ya kuoshea gari, mara nyingi ni hii habari ya unene. Sisemi mmwagie maji diski iliyotoka kushuka Marangu inanuka, hapana.

Diski zangu bado zilikuwa juu ya ule unene wa chini ulioandikwa kwenye diski yenyewe, kwaiyo zikachongwa, hazikutupwa. Pini zikawekewa grisi ya breki, sio ile ya beringi, maana ile inavimbisha raba. Pedi nikaenda kununua mwenyewe, hawakulazimishi duka lao na hilo nimelipenda sana. Nati za tairi akafunga kwa kupishana kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, mpaka ikalia tik, 103 Nm. Kijana alishashika mashine ya upepo, mzee akamfokea, "Wewe chalii, weka chini hiyo!" Kufunga nati hovyo nako kunaivuta diski ikakaa vibaya.

Mwisho wakanituma nikazoeshe pedi: kutoka 60 unapunguza mpaka 10 bila kusimama kabisa, unarudia rudia, afu unaendesha bila breki ipoe. Ukisimama na mguu juu ya pedeli wakati diski ina moto, pedi inaacha alama.

Na wanasema ukweli hata kama hawapati hela. Kuna jamaa kaja na RAV4, analalamika pedeli inampiga mguuni akifunga breki ghafla kwenye changarawe, basi. Wakaijaribu, mzee akamwambia, "Hiyo ni ABS yako inafanya kazi kaka, nenda nyumbani." (ABS ni ule mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki ghafla.)

Nyota niliyonyima sasa. Mashine ya kuchongea hawana, diski inapelekwa kwa jirani na jirani ana foleni yake, nimekaa toka asubuhi mpaka jioni juu ya tairi bovu maana kiti hamna. Simu hawapokei. Bango hamna, unaulizia tu mzee wa breki. Bei ya ufundi ni ya kuelewana, mi nimelipa chini ya ile arm moja niliyotajiwa kule. Kikafu nimeshashuka nayo na nimekanyaga kweli kweli nyuma ya semi, stelingi kimya. Nendeni mapema, Jumatatu Noah za abiria zinajaa pale uwanjani mpaka hupati pa kupaki.