Kutembea na watoto Watamu: Mida, Gede, Arabuko-Sokoke na Marafa

Kama unakwenda Watamu na watoto, anza na Mida. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wetu tukifika kule tunaganda ufuoni na kwenye bwawa la hoteli, ilhali njia tamu za kutembea kwa miguu ziko upande wa pili, kati ya mji na barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi. Nimezipita na wanangu wawili, mkubwa ana miaka 9 na mdogo 5, pamoja na mama yangu ambaye magoti humsumbua. Kwa hiyo nikisema njia ni rahisi, ujue imepimwa na nyanya na kitinda mimba.

Mida ni hori kubwa lililozungukwa na mikoko, na liko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotengwa mwaka 1968. Kivutio chake kwa familia ni daraja la mbao linaloning'inia kwa kamba, linalopita katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege ukingoni mwa maji. Linayumba kidogo unapotembea. Mdogo wangu alifurahi mno, mama alishika kamba pande zote mbili na kwenda polepole, na wote wawili walifika. Si mbali. Ukitaka kwenda na kurudi upesi utamaliza kabla mtoto hajaomba maji, lakini ukifanya hivyo umepoteza safari, maana mambo yote yako chini ya miguu yako.

Chukua mwongozaji wa pale pale. Wetu alitusimamisha kwenye mti wa mchu, akachuma jani na kumwambia mdogo wangu alirambe. Chumvi! Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi yake kupitia majani. Tangu hapo hakuna jani lililosalimika. Kisha akatuonyesha mbegu za mkoko, ambazo huchipua zikiwa bado zinaning'inia mtini, ndefu na za kijani, mpaka zianguke zichome kwenye tope. Hapo matopeni kuna vikaa vidogo ambavyo dume lake lina gando moja kubwa kuliko mwili wenyewe, na kazi yake mchana kutwa ni kulipungia jike. Ukikanyaga ubao kwa kishindo wote wanatumbukia mashimoni. Ukitulia, wanatoka tena mmoja mmoja. Mwanangu mkubwa, ambaye nyumbani hatulii, alilala kifudifudi kwenye mbao akiwatazama mpaka tukambembeleza kuondoka.

Kiingilio cha pale husaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kando ya hori na msitu, kupitia mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya. Nililipa kwa moyo mkunjufu.

Sasa jambo ambalo naona wageni wengi hawaelezwi: fuata maji, usifuate saa ya gari. Hotelini walitupangia kwenda saa sita mchana kwa sababu ndipo dereva alikuwa na nafasi. Jua la utosi, maji yamepwa kabisa, ndege wametawanyika huko mbali hata darubini haiwafikii. Tulikataa, tukachukua tuktuk alasiri. Maji yalikuwa yanajaa, na yakijaa huwasukuma ndege kuelekea ukingoni, karibu na kibanda. Tuliwaona wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambao huzaliana kwenye pwani za Uarabuni, wakitaga mayai ndani ya mashimo ya mchanga, kisha wakaja kwetu kula. Wako Mida kuanzia Agosti hivi mpaka Aprili.

Kanuni ya wavuvi ni rahisi na itakufaa kwa kila matembezi ya pwani hii. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa sana katikati ya asubuhi na kujaa jioni jioni. Baada ya hapo saa inasogea mbele kama dakika 50 kila siku. Basi siku za bamvua asubuhi ni ya ufuoni na alasiri ni ya Mida. Usipojua mwezi uko wapi, muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kuangalia simu.

Gede ndiyo niliyoipenda kwa ajili ya mama. Ni mji wa kale wa Waswahili, uliosimama tangu karne ya 12 hivi mpaka ya 17 kabla ya kuhamwa, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Msitu umeufunika, kwa hiyo unatembea kivulini karibu muda wote. Njia ni tambarare. Mizizi ipo, kigari cha mtoto kitakusumbua, afadhali umbebe mgongoni kwa leso.

Wenye watoto, nawapa mbinu iliyotufaa. Nyumba za Gede zimepewa majina kutokana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Waambie watoto wazitafute wenyewe. Wangu waligeuka wapelelezi, wanachungulia kila mlango wa tao, wanabishana nani alilala chumba kipi, na wakashangaa kugundua kwamba watu wa zama hizo walikuwa na vyoo ndani ya nyumba. Mama alikaa sana penye kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Alisoma Fatiha pale, nasi tukanyamaza. Sikuwa nimetarajia kwamba matembezi ya watoto yatatufikisha hapo, na kwangu ndiyo sehemu bora ya safari nzima.

Angalizo moja: kima wa Gede wamezoea watu kupita kiasi. Usimpe mtoto ndizi aishike mkononi, na wala usiwalishe hata kama wageni wengine wanafanya hivyo. Langoni kuna mradi wa Kipepeo, ambapo wakazi wa kando ya msitu wamekuwa wakifuga vipepeo tangu 1993 na kuuza pupa zao, yaani kabla hazijageuka vipepeo, nje ya nchi. Usiupite, hasa kama una mtoto mdogo aliyechoka.

Arabuko-Sokoke ni habari nyingine. Msitu huu una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na una ndovu. Usiingie bila mwongozaji, nukta. Sisi tuliingilia kituo cha Gede, kando ya barabara kuu, alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Njia ni ya mchanga, haina mlima, ila inataka utulivu, na utulivu ndio mtihani wa mtoto wa miaka 5. Yule mdogo alidumu saa moja, kisha akaanza kuimba. Mama alirudi naye garini, mimi na mkubwa tukaendelea.

Tulikuwa tukimtafuta sange mwenye matako ya manjano, mnyama mdogo ambaye karibu haonekani popote ila katika msitu huu na vichaka vya jirani. Humwoni, unamsikia: majani makavu yanachakarika, kimya, yanachakarika tena. Mwongozaji aliinua kiganja. Pua ndefu ikatokea, ikipekua majani huku na huku, mwili wa kahawia wenye wekundu, halafu akageuka na lile doa la manjano likang'aa nyuma yake. Alipotusikia aligonga ardhi kwa mkia, akaruka, akapotea. Mwanangu alinifinya mkono mpaka ukauma. Kama mtoto wako amefika miaka 8 au zaidi na anapenda wanyama, mpeleke hata kama utamwamsha saa kumi usiku. Chini ya hapo, subiri. Na vaeni suruali ndefu, viatu vya kufunika vidole, na mjipake dawa ya mbu.

Kuhusu ufuo wenyewe sina mengi. Maji yakipwa unatembea kutoka ghuba moja hadi nyingine ukipita vidimbwi vya miambani, na ni burudani ya bure. Vaa viatu vya majini kwa sababu mwamba wa matumbawe hukata na kuna viumbe vyenye miiba myeusi. Makombe yabaki yalipo. Rudini maji yanapoanza kugeuka, maana hupanda kwa kasi kuliko mtoto anavyotembea.

Marafa, ile korongo ya mchanga mwekundu, mweupe na rangi ya chungwa ambayo Wagiriama huiita Nyari, iko mbali zaidi, bara ya Malindi. Juu ukingoni kila mtu anaweza kufika na mandhari yake yanatosha, ila kingo zinabomoka, hivyo mtoto ashikwe mkono wakati wote. Kushuka chini nawashauri wenye watoto wakubwa tu, na si mchana, kwa kuwa joto hukwama mle ndani na hakuna pa kujificha. Nendeni saa kumi jioni, mchukue kijana wa pale awaongoze na kuwasimulia hadithi ya familia tajiri iliyooga maziwa, na mpange kuondoka kabla giza halijaingia kwa sababu ya barabara.