ULII: isome hukumu kabla hujamsikiliza mheshimiwa

Mahakama ikibatilisha kibali cha msitu au hati ya ardhi oevu, waheshimiwa huwahi redioni kabla nakala ya hukumu haijawafikia watu. Upinzani hutangaza ushindi, serikali husema "tutakata rufaa", na mwananchi wa Hoima au Kayunga hubaki na maneno ya kuokota. Tovuti ya ULII (ulii.org), hifadhi ya sheria na hukumu za Uganda, inaweka hukumu zenyewe hadharani, bure.

Ijaribu na msitu wa hifadhi wa Butamira. Ni kesi ya ACODE, shirika la utetezi wa mazingira na sera, dhidi ya Mwanasheria Mkuu, namba 100 ya 2004, iliyoamuliwa Julai 2005. Mahakama Kuu ilisema kibali cha kampuni ya sukari ya Kakira kulima miwa ndani ya hifadhi hiyo kilikiuka sheria, kwa kuwa serikali imeishikilia misitu kama amana ya wananchi. Anza kwa kuchagua mahakama na mwaka, ndipo uandike jina la mlalamikaji. Ukiandika "forest" peke yake utazama kwenye kesi za mashamba.

Hukumu ikifunguka, nenda mwisho kwanza. Amri ziko kurasa za mwisho, na hizo ndizo za kulinganisha na kauli za jukwaani. Maoni ya jaji katikati yanaweza kuwa makali kuliko amri, na wanasiasa huyapenda hayo.

Kisha angalia aina ya shauri, maana hapa ndipo wengi hudanganywa. Palipoandikwa "Miscellaneous Application" ni ombi ndani ya kesi, pengine la amri ya muda tu: miti isikatwe mpaka kesi isikilizwe. Anayeipeperusha kama ushindi wa kesi nzima huumbuliwa na ukurasa wa kwanza. Msitu wa Bugoma una mashauri kadhaa yenye wahusika tofauti. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Masindi wa 2019, ulioupa nguvu ufalme wa Bunyoro-Kitara katika ardhi uliyoipangisha kwa Hoima Sugar, si ule wa wanamazingira waliopinga cheti cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Linganisha majina na namba kabla ya kubishana na mtu.

Na hiyo "tutakata rufaa" ina saa yake. Taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14, na kumbukumbu ya rufaa, yaani jalada la nyaraka za kesi, ndani ya siku 60 baada ya taarifa hiyo. Taarifa peke yake haisimamishi utekelezaji. Lazima liombwe zuio. Kwa hiyo tafuta pia chini ya UGCA, ambayo ni Mahakama ya Rufaa, na UGSC, Mahakama ya Juu. Kumbuka majina hugeuka: anayekata rufaa ndiye hutangulia. Usiingoje tovuti ikuambie kwamba hukumu imetenguliwa.

Kasoro zipo. Hukumu mpya si lazima iwepo siku inaposomwa, na huo ndio muda porojo hunoga. Nakala nyingine ni picha za karatasi: kutafuta neno ndani yake hakuwezekani, na kwenye simu zinakula bando. Tena hukumu ni za Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu 2005.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye lugha.