Albamu za Queen: uanze na ipi, ipi isubiri, na ipi uiache hapo hapo dukani

Kama umewapenda Queen, bendi ya roki ya Uingereza, kupitia YouTube na sasa unataka albamu yako mwenyewe, CD au santuri, jua kwanza kwamba ziko 15 za studio ambazo Freddie Mercury kaimba, kuanzia 1973 mpaka 1995, na hazifanani hata kidogo. Wote wanne walikuwa watunzi, yaani Freddie, Brian May mpiga gitaa, Roger Taylor wa ngoma na John Deacon wa besi, kila mtu na ladha yake, kwa hiyo ukichagua albamu kwa kubahatisha unaweza kukutana na bendi ambayo siyo ile uliyoipenda.

Namba moja kwangu ni A Night at the Opera ya 1975, na sibadilishi. Watu wanaijua kwa Bohemian Rhapsody, karibu dakika 6, lakini sikiliza na vilivyobaki: Deacon, mkimya kuliko wote, kamtungia mkewe You're My Best Friend na kinanda cha umeme kapiga mwenyewe, Taylor anaimba mapenzi yake kwa gari, May anakuja na The Prophet's Song ya zaidi ya dakika 8, halafu Freddie anakutuliza na Love of My Life. Yote hayo kwenye sahani moja. Tafuta toleo la 2011 lenye CD mbili, sauti imesafishwa vizuri na CD ya pili ni ya nyongeza.

Namba mbili ni Greatest Hits ya 1981, ambayo ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, imevuka nakala milioni 7 huko. Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu na unataka nyimbo za kuimba na familia nzima, chukua hii na hutajuta. Ila geuza kava usome orodha kwanza, toleo la Uingereza lina nyimbo 17 na lile la Marekani la mwaka huo huo lina orodha tofauti.

Ya tatu Innuendo, 1991, na hapa naomba uwe makini sana kama unanunua santuri. Freddie alikuwa mgonjwa tayari wakati wanairekodi, alifariki Novemba mwaka huo huo, na sauti aliyoitoa kwenye The Show Must Go On mimi hunisisimua mwili kila mara. Sasa santuri ya mwanzo ilikuwa moja tu, nyimbo hazikuenea, wakazikata! Bijou, ambayo karibu yote ni gitaa la May linaongea, imebaki dakika moja na kitu. Ukiuziwa hiyo kwa bei kubwa eti kwa sababu ni ya zamani, achana nayo, chukua ya 2015 yenye sahani mbili au CD ya kawaida, humo nyimbo zimekamilika.

Ya nne The Game (1980). Miaka ya nyuma walikuwa wanaandika kwa fahari kwenye makava kwamba hawatumii sintesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki cha kutengeneza sauti, hapa ndipo wakaanza kuitumia, na besi ya Deacon kwenye Another One Bites the Dust inatosha kukufanya uinunue. Ya tano Queen II ya 1974, nzito, yenye pande mbili zilizopewa majina ya upande mweupe na upande mweusi, ila hii mpe mtu ambaye tayari ni shabiki.

Hot Space ya 1982 isubiri. Ni disko na fanki, na kama unaitaka kwa ajili ya Under Pressure waliyoimba na David Bowie, wimbo huo upo kwenye Greatest Hits II pamoja na Radio Ga Ga na I Want to Break Free.

Na sisi wa huku wengi tunavutwa na habari kwamba Freddie kazaliwa Unguja 1946, familia ikahamia Uingereza 1964. Ni kweli kabisa, ila usiingie dukani ukitafuta taarabu, hutaipata kwenye albamu yoyote.

Za jukwaani chukua Live at Wembley '86. Live Magic iache, humo Bohemian Rhapsody imeondolewa ile sehemu yote ya opera, sasa unanunua nini?