"Kilomita 12 kwa lita, mzee wangu": mkonga niliouziwa na majibu niliyopewa

"Kilomita 12 kwa lita, mzee wangu. Na hapo umepakia." Hayo ni maneno ya kijana wa yadi moja kule Dar. Jina la yadi nalihifadhi kwa sababu sina hela ya wakili. Aliyasema huku anachezea simu, mimi nikiwa nimesimama mbele ya pikapu ya mkonga, yaani Toyota Land Cruiser, ile ya kazi, injini ya 1HZ, silinda sita, dizeli, haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) wala kompyuta.

Wanaoijua injini hiyo wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Lita 4.2, chasisi ya kubebea tani, bodi lililosimama wima linagombana na upepo: 12 hiyo haipatikani hata ukiliachia gari mteremko wa Kitonga.

Mimi ni mtu wa Njombe, nabeba viazi na mbolea, na kila tone la dizeli naliandika. Najaza mpaka mdomoni kwenye sheli ileile, pampu ileile, naandika kilomita za dashibodi kwenye daftari, nafanya kazi zangu, nikirudi najaza tena mpaka mdomoni, nagawanya. Mshale wa geji siuamini. Tanki ni la lita 130, mshale ukitikisika kidogo tu ni ndoo nzima imeondoka.

Lami tupu mpaka Makambako, bila mzigo, mwendo wa 80, napata kilomita 9 na kidogo. Ukilazimisha 110 unaangukia 7, na hapo unalipia upepo. Sasa pakia viazi utoke navyo Uwemba masika, gia ya pili, magurudumu yote manne yanavuta: 5. Kuna siku moja ya tope ilikuwa chini ya hapo. Siku hiyo daftari nililirusha kiti cha nyuma, nikakumbuka pikapu haina kiti cha nyuma.

Na huku kwetu ni juu, mji unakaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inajivutia hewa yenyewe. Hewa ikiwa nyepesi na pampu imesetiwa kwa ajili ya pwani, dizeli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuiunguza, ziada inatoka moshi mweusi. Ule moshi mnaoulalamikia mkiwa nyuma yangu mlimani niliununua mimi.

Basi nilipokwenda Dar kufuata spea nikapita palepale yadi, wana gereji yao kwa nyuma. Nikamkuta kijana wa mapokezi, si yule wa kwanza, lakini mashati yao ni ya sare na hata dharau ni ya sare. Nikamwamkia, maana mtoto asiyekuamkia unaanza wewe ili aone aibu. Hakuona. Nikafungua daftari. Hakuliangalia. Akasema, "Shida ni kukanyaga, wazee mnakanyaga sana." Nimeendesha dizeli kabla mama yake hajaolewa. Kisha akamgeukia mwenzake akamalizia: "Ukishafuga tembo, mzee, usilalamikie majani." Wakacheka wote, mpaka dada wa risiti.

Sikatai, ni utani mzuri. Ningeusema mimi, ningeurudia kilabuni mwezi mzima. Ila aliyeniuzia tembo aliniambia ni mbuzi. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na hawataki kuuelewa. Angeniambia ukweli, lita moja kwa kilomita 7 au 8, ningenunua vilevile! Ningepanga nauli ya mzigo tangu siku ya kwanza. Badala yake msimu mzima nilibebea watu viazi kwa bei ya 12 na injini inakula ya 6.

Kilichonivunja nguvu kabisa kiligunduliwa na fundi wa Makambako. Yadi walikuwa wamevalisha gari tairi kubwa za meno, ndefu kuliko za kiwandani, ili lipendeze pichani. Tairi ikiwa kubwa, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi ya dashibodi inavyohesabu. Kwa hiyo kilomita nilizoandika zilikuwa pungufu, na ulaji halisi ulikuwa nafuu kidogo kuliko daftari linavyosema. Nikakasirika upya. Yaani hata hasira yangu walikuwa wameiharibia hesabu.

Fundi akarudisha tairi za kiwandani, 7.50 za ringi 16, akashusha lile keria la juu ambalo halikuwahi kubeba kitu, akabadilisha chujio la hewa, akapima nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini, akairekebisha pampu kwa hewa ya huku. Moshi umepungua, na nimeongeza kama kilomita moja kwa kila lita. Moja! Msiidharau. Mtu anayejaza tanki lile anaijua thamani yake.

Jirani yangu ana pikapu ya kisasa, tabo, lita 2.8, inampa 11, na kila tukikutana lazima aitaje. Halali yake. Lakini aliwahi kuishiwa njiani akanunua dizeli ya madumu, nozeli zote nne zikafa kwa pamoja, na bei ya nozeli zile mimi nanunulia dizeli ya msimu. Pampu yangu imeshanyweshwa uchafu wa namna hiyo. Ilikohoa, ikaendelea. Jirani ndiye niliyemvuta na kamba mpaka barabara kubwa, na siku hiyo hakutaja 11.

Kwa hiyo mkiniuliza kama linunuliwe, nashindwa kuwapa jibu lililonyooka. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa mafuta, wakitoa bei kikomo na dizeli imepanda, nalichukia hili gari mpaka usiku. Kesho yake asubuhi linapanda na mzigo mahali ambapo bodaboda wameshuka wanasukuma, nimeshasamehe. Anayetaka la kwenda nalo kazini Posta akitokea Mbezi, kwenye foleni, asithubutu. Mwenye shamba bonde la tope, anunue, ila apige hesabu ya 7 na akimsikia mtu anasema 12 aondoke.

Nyota? Gari tano. Hapana, nne, dizeli imepanda juzi. Yadi naipa moja, ya soda walionipa kabla sijalipa.

Kuna mtu alinisimamisha sokoni akaniuliza kama naliuza. Nikamwambia ndiyo, kwa haraka kabisa, nikamtajia bei ya kumfukuza.